Wauza mpira wa ndege za ukumbini, mizani mnaiogopea nini?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Kuna duka hapa Kisumu, jina naliacha, linalouza mpira wa injini za ndege za mfano, ule ukanda unaosokotwa ili uzungushe propela, kwa upana peke yake. Kibandiko kinasema milimita 2.4. Sawa, upana ni huo, rula imekubali. Unene je? Ukiuliza unaonekana msumbufu.

Ndege zetu za klabu zimepangiwa ukanda wa gramu 2.2 kwa mita, yaani unene wa milimita 1 hivi. Huu mpya nimeupeleka kwa sonara, mizani ikasoma 2.7. Kuna mtu atasema ni tofauti ndogo. Si ndogo! Nguvu ya msokoto hupanda haraka kuliko unene wenyewe: mpira uliozidi kwa asilimia 23 unazungusha propela kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya theluthi moja, na mizunguko unayoweza kuusokota kwa urefu uleule inapungua kama asilimia 10. Ndege ya gramu 7 iliyokuwa ikipanda taratibu na kuzunguka chini ya dari sasa inafyatuka hadi kwenye vyuma vya paa, inanasa huko. Watoto shingo juu, sisi tunatafuta ngazi. Na ukumbi wa kanisa tunaulipia kwa saa.

Msiniambie nirefushe kitanzi cha mpira ili kupunguza nguvu. Nikirefusha, naongeza uzito juu ya uzito, halafu mpira unalegea na kujikunja chini ya kijiti cha mwili.

Nimerudi dukani. Jibu: "Saizi ni saizi, boss." Seremala akiagiza mbao ya mbili kwa nne akaletewa mbili kwa tano, utamwambia si upande wa mbili ni uleule? Kisha nikashauriwa niupunguze kwa wembe! Kila mkwaruzo ukingoni ndipo mpira unapokatikia ukishavutwa mara nne tano na kusokotwa, hata ukiupaka mafuta ya mbarika. Isitoshe, bunda lenyewe linaning'inia dirishani, jua la Kisumu linaupiga mchana kutwa. Mpira na jua ni maadui, hilo hata wauza blada za bodaboda wanalijua.

Kwenye mashindano ya kimataifa ya F1D, daraja la ndege za mpira za ukumbini, injini ya mpira hupewa kikomo cha gramu 0.4, ndege isipungue 1.4. Gramu. Hakuna anayeuliza upana.

Ninachotaka: kila bunda liandikwe gramu kwa mita, na lipimwe ncha zote mbili, maana hata bunda moja hubadilika. Mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu si kitu cha ajabu siku hizi.

Walioko Nakuru au Eldoret, mwenye ukanda wa 2.2 uliopimwa kweli aweke bei hapa. Nawe mwenye duka, najua unapitia huku: mpira wako uko kwenye bahasha, haujakatwa. Nataka pesa yangu, si mkopo wa bidhaa.