Mstaafu wa Posta na SHA (bima mpya ya afya ya Kenya): nalipa kama nani?

MzeeWaUmoja: Habari zenu wadau. Nilipanga barua tangu tukiwa bado KPTC, shirika la posta na simu, kabla ya kugawanywa 1999, nikastaafu nikiwa Posta. Zamani za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA, nilikuwa nalipa shilingi 500 kwa mwezi kwa simu, yamekwisha. Sasa naambiwa SHA ni mwaka mzima kwa mkupuo! Sina mshahara tena. Mimi nahesabiwa wapi? Na mama watoto ana presha, dawa haziishi.

BintiKayole: Shikamoo mzee. Mshahara ukiisha, unaingia kundi la wasio na ajira rasmi. Utaulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo, mifugo, kisha mtambo wa SHA ukadirie kiwango chako. Sheria ni 2.75% ya mapato ya kaya, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Piga *147# kwa simu ujisajili. Mama umwandikishe kama mwenzi wako, halipi kivyake.

MzeeWaUmoja: Marahaba binti. Maswali ya choo tena! Na hiyo presha?

BintiKayole: Kwenye zahanati na kituo cha afya mama hutibiwa bure mradi amesajiliwa, hata kama hujalipa. Kulazwa hospitali kubwa ndiko kunakotaka michango iwe imekamilika.

Kijana_GPO: Simu ikikusumbua mzee, nenda Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) iliyo jengo la Teleposta, Nairobi, ubebe vitambulisho vyenu wote wawili. Jengo unalijua kuliko sisi.