AIO yenye kioo kizuri inaweza kutumika kama monita ya laptopu?

DadaKadi

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kazi zangu kubwa ni kadi za harusi, risala, na kuwachapia wanachuo ripoti za mafunzo kwa vitendo. Natumia laptopu ya inchi 14. Nikifungua kadi upande mmoja na orodha ya wageni upande wa pili, maandishi yanakuwa madogo mno, na mteja amesimama nyuma yangu anataka kuhakiki jina moja moja kabla sijachapa.

Shemeji kaniachia AIO, zile kompyuta ambazo mashine yote imo nyuma ya kioo. Ni ya inchi 23, kioo safi hakina hata mkwaruzo, ina Windows 10, ila ni nzito. Programu ya kuchorea kadi ikifunguka inaganda. Nikaona niitumie kama monita tu. Nyuma ina tundu la HDMI, nimechomeka waya kutoka kwenye laptopu, lakini AIO inaendelea kuonyesha mambo yake na laptopu haioni kitu. Waya ni mzima, kwenye televisheni unaonyesha vizuri. Kuna mahali pa kurekebisha, au haiwezekani?

FunduWaVioo

Karibu dada. Hapo hakuna pa kurekebisha. Tundu la HDMI kwenye AIO nyingi ni la kutoa picha, limewekwa ili uongeze monita ya pili. Laptopu yako inatoa, na AIO inatoa, hakuna anayepokea. Na mtu asikuuzie adapta ya kugeuza. Kioo kimeungwa na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kwa waya wake wa ndani, hilo tundu halina njia ya kukifikia, kwa hiyo adapta ya nje haitasaidia chochote.

Zipo AIO zinazopokea. Pembeni ya tundu huandikwa IN, na mara nyingi kuna kitufe ubavuni au chini ya kioo cha kubadili chanzo cha picha. Wanaonunua AIO za mtumba kwa ajili hii naomba sana walitazame tundu hilo kabla ya kutoa hela, na wachomeke laptopu palepale dukani waone.

Yako iko hai na ina Windows 10, kwa hiyo usiifungue. Ingia kwenye mipangilio ya AIO, sehemu ya mfumo, tafuta pa kuruhusu vifaa vingine vionyeshe kwenye kompyuta hiyo. Kuanzia toleo la 2004 la Windows 10, kwanza itakutaka uongeze kipengele cha skrini isiyotumia waya. Hapo ndipo utahitaji intaneti. Kikishakaa, kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows na K, chagua jina la AIO, kisha Windows na P uchague kurefusha skrini. Picha inapita kwa waifai kati ya mashine mbili hizo moja kwa moja, haili bando.

Waifai ya mojawapo isipokubali, weka spacedesk, programu ya kutumia kompyuta nyingine kama skrini: draiva yake kwenye laptopu, ile ya kutazamia kwenye AIO. Ziunganishe kwa waya wa mtandao kupitia rauta, utaona kipanya kinakufuata vizuri zaidi kuliko kwa waifai. Kwa orodha ya majina na kadi inatosha kabisa. Kwa kuhariri video nisingekushauri.

Jambo moja la kupima: AIO hapo inawaka kama kompyuta nzima, sio kama monita. Kwenye LUKU utaliona.

Mjombake_Tanga

Mkuu, na yangu ambayo mazabodi imekufa kabisa? Fundi mmoja huku ananiambia nikatupe.

FunduWaVioo

Usitupe! Kioo kizima ni mali. Hii ndiyo kazi ninayoipenda, nieleze vizuri.

Unafungua nyuma, unakitoa kioo, halafu unasoma stika iliyobandikwa mgongoni mwake. Ile ya AIO yenyewe haikusaidii hapa. Unataka namba ya kioo, mfano LM215WF3 au M215HW01. Kwa namba hiyo unaagiza ubao wa kuendeshea kioo wenye tundu la HDMI. Muuzaji akikuuliza inchi tu bila namba, achana naye, kwa sababu vioo viwili vya inchi moja vinaweza kutofautiana soketi, volti na taa. Ubao unatumia adapta ya volti 12.

Sasa tulia hapa. Kwenye hizo bao kuna pini ndogo zenye kikofia cha plastiki, pembeni zimeandikwa 3.3V, 5V na 12V. Ndipo unapochagua volti ya kioo. Vioo vingi vya ukubwa huo ni volti 5, lakini usibahatishe, tafuta karatasi ya maelezo ya kioo chako usome. Kikofia kikikaa kwenye 12 na kioo ni cha 5, umekiua pale pale. Mimi hukihamisha kikofia kwanza, napima kwa mita, ndipo nachomeka waya wa kioo.

Kisiwani_Mac

Naongezea kwa wenye iMac, yaani AIO za Apple, maana humu huulizwa sana. Apple waliiwekea uwezo wa kuwa monita ya Mac nyingine ile ya inchi 27 ya mwishoni mwa 2009 na ya 2010, kwa waya wa Mini DisplayPort. Za 2011 hadi katikati ya 2014 zinataka waya wa Thunderbolt. iMac yenyewe iwe na toleo la macOS la High Sierra au la nyuma yake, na Mac inayotuma iwe ya 2019 kurudi nyuma, na macOS yake isizidi toleo la Catalina. Unabonyeza Command na F2 kwenye kibodi ya iMac. Za kioo cha 5K, zilizoanza mwishoni mwa 2014, hazina kitu hicho, kwa hiyo usinunue kwa matumaini hayo.

DadaKadi

Shukrani sana wakuu. Ya waifai imekubali, majina yako kwenye AIO na kadi imebaki kwenye laptopu. Ila maandishi ya AIO yana ukungu kidogo. Ni kioo?

FunduWaVioo

Sio kioo dada. Kwenye laptopu fungua mipangilio ya skrini, chagua ile ya pili, weka 1920 kwa 1080 kama ndiyo saizi ya kioo chako. Ukungu kidogo unaweza kubaki kwa sababu picha inabanwa ili ipite hewani. Ukikusumbua, hamia spacedesk kwa waya na upandishe ubora wa picha kwenye mipangilio yake.