Nimehamia Unguja: duriani na shelisheli vinaliwaje?

MtotoWaSingida
Salaam wana jukwaa. Nimehamishiwa kazi Unguja, hii wiki ya tatu, naishi Mwanakwerekwe. Kwetu nimekulia ugali wa uwele na mlenda. Matunda yalikuwa mapera, na zambarau msimu ukifika. Hapa kila nikipita sokoni nasimama, matunda mengine hata jina siyajui.

Juzi nilinunua duriani, lile tunda la miiba, nikaliacha chumbani, nikaenda kazini. Niliporudi nyumba nzima ilikuwa inanuka, nikamkuta mama mwenye nyumba mlangoni ananisubiri. Hakunifokea, kasema tu: "Mwanangu, hili halilali ndani." Nikalipasua, nikala kokwa mbili, sikujua kama limeiva au limeharibika. Shelisheli nalo liliniganda mikononi kwa utomvu, nikalichemsha na chumvi likawa halina ladha. Nataka kula vya hapa kama wanavyokula wenyewe. Duriani linachaguliwaje? Shelisheli linapikwaje? Na usiku nikale wapi?

MpitaNjia
Karibu sana. Usiku nenda Forodhani, kwenye vyakula vya bustanini Mji Mkongwe, bahari ipo na watu wapo, ila uliza bei kabla hujawekewa kwenye sahani. Mimi mara ya kwanza nilionyesha kwa kidole tu: pweza, mishkaki miwili, kamba. Nikadaiwa hela ambayo mtaani ningekulia siku tatu. Tafuta urojo wa mtaani, wa alasiri. Mchuzi uwe wa manjano na uchachu wa embe bichi, ndani kachori, bajia, viazi, juu chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Ule hapohapo, chipsi zisilowe.

BiMchangani
Mwanangu, karibu Unguja. Mimi ni mtu wa jikoni, nikujibu kwa ninavyofanya.

Duriani halichumwi. Linasubiriwa lianguke lenyewe, asubuhi mwenye shamba anaokota. Basi muulize muuzaji limeanguka lini. La leo ndilo. Tazama kikonyo: kikiwa kibichi bado, chukua. Kikiwa kimekauka na ganda limeanza kuachia kwa chini, mwachie mwenyewe. Ukifika nyumbani kaa uani, tafuta mshono kwa ncha ya kisu, lipasue, umwite na mama mwenye nyumba mle pamoja. Likishapasuliwa liishe. Marehemu bibi yangu akitunawisha kwa maji aliyoyatia ndani ya ganda lenyewe, akisema ndiyo yanayotoa harufu mikononi. Hilo lako naona lilishakaa siku mbili tatu kabla hujalinunua, usilichukie duriani kwa sababu yake.

Shelisheli sasa. Lililokomaa limejaa, vijicho vya ganda vimelala, na nje utaona michirizi ya utomvu uliokauka. Kabla hujalimenya paka mafuta mikono na kisu. Kata vipande, toa moyo wa katikati. Ikune nazi uikamue, kasimile, lile tui zito la kwanza, iweke pembeni. Tui la pili ndilo la kuchemshia, na chumvi na pilipili mbichi nzima usiipasue. Likilainika mimina kasimile, koroga taratibu, usifunike, likichemka mara moja epua. Ukilisahau motoni tui litakatika. Weka na samaki wa kukaanga. Mwezi wa Ramadhani hiyo ndiyo futari yetu, pamoja na muhogo, majimbi na ndizi mbichi.

Ukiwa na jiko la mkaa, siku nyingine lichome zima mpaka ganda liwe jeusi, ulikwangue, ulimege kwa mkono lingali na moshi. Mimi hilo nakula na chai ya tangawizi, sitaki kitu kingine.

Na kila tunda mwambie muuzaji utalila lini. Sokoni Darajani ukishika embe utaulizwa, "La leo au la kesho?" Wanauliza kweli, wanalibonyeza kwa dole gumba karibu na kikonyo na wanajua. Embe boribo la kesho ukilikata leo utakula uchachu mtupu.

MzanzibariMaskati
Bi Mchangani umenitoa machozi. Huku Maskati halua ipo, samaki wapo, duriani la dukani linatoka Thailand, limelala kwenye friji. Mabungo ndiyo siyaoni. Ndugu wa Singida, ninywee juisi ya mabungo: tunda la mviringo, ganda rangi ya chungwa, ndani kokwa zimeshikwa na nyama ya manjano chachu. Wanaziloweka, wanachuja, wanatia sukari. Tukiwa skuli tulikuwa tunainunua imeganda kwenye vifuko, unatoboa pembe kwa jino na unafyonza mpaka ibaki barafu nyeupe.

MtotoWaSingida
Shikamoo Bi Mchangani, ahsanteni nyote. Jana nimepika shelisheli, tui halikukatika. Nilimpelekea mama mwenye nyumba bakuli. Akaonja kimya, akaingia ndani, akatoka na kipande cha nguru wa kukaanga akakiweka juu ya sahani yangu. Mabungo nimekunywa leo mchana, bilauri mbili. Kuna muuzaji ameniambia kesho anapokea duriani kutoka upande wa Kizimbani. Niende saa ngapi?

BiMchangani
Marahaba mwanangu. Saa moja asubuhi uwe umeshafika, saa tatu utakuta yaliyochaguliwa na wenzio. Chukua mawili, moja la mama.