Kurekodi taarabu kwa Ardour kwenye Linux: sauti ya mwimbaji inachelewa, na nikipunguza bafa inakwaruza

Studio_Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum na poleni na kazi. Nina studio ndogo hapa Tanga ambayo kazi yake kubwa ni kurekodi vikundi vya taarabu na kaswida. Miezi mitatu iliyopita nilihamia Linux, kwa sababu programu niliyokuwa nikitumia ilikuwa nakala isiyo na leseni, na nilichoka kupokea fedha za watu kwa kazi inayofanywa na chombo nisichokimiliki kihalali. Nimeweka Ubuntu Studio, toleo la Linux la kazi za sauti na video, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16, narekodi kwa programu ya Ardour, na kadi yangu ya sauti ni ya USB yenye matundu mawili ya maikrofoni, ambayo ilitambuliwa mara tu nilipoichomeka bila kutafuta draiva yoyote.

Juzi mwimbaji alivaa hedfoni, akaanza ubeti wa kwanza, na kabla hajaumaliza akazivua akisema anajisikia kama anayeimba ndani ya kisima, kwa kuwa sauti yake inamrudia akiwa ameshaingia neno la pili. Nilipotazama, bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata) ilikuwa sampuli 1024. Niliishusha hadi 64 na ucheleweshaji ukaisha, lakini zikaanza kusikika tik-tik ndogo ndogo, na Ardour ikahesabu mikatiko 37 katika wimbo wa dakika sita. Mikwaruzo hiyo imeingia ndani ya rekodi yenyewe, na inasikika zaidi pale fidla inaposhikilia noti ndefu. Naomba kujua kama kuna marekebisho, au kama mfumo huu haufai kwa kazi ya kulipwa.

Fundi_Mkongwe

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mfumo unafaa, nami nimefanyia kazi ya kulipwa humo kwa miaka mingi. Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kusimama. Ukirekodi kwa 48000 Hz, yaani sampuli 48000 kila sekunde, bafa ya sampuli 1024 ni takriban milisekunde 21, na kwa kuwa sauti hupita kwenye bafa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, mwimbaji wako alikuwa akijisikia kwa kuchelewa zaidi ya milisekunde 40. Hakuna mwimbaji anayeweza kuvumilia hilo. Sampuli 64 ni milisekunde 1.3 tu, maana yake prosesa inatakiwa kumaliza kazi yake yote mara 750 kila sekunde bila kukosa hata mara moja, na ikichelewa mara moja ndipo unaposikia hiyo tik. Kwa kompyuta mpakato ya kawaida, lenga 128 au 256.

Kabla ya hapo, hakikisha kuwa jina lako la mtumiaji limo katika kundi la `audio`, na kwamba kundi hilo limeruhusiwa `rtprio 95` (kipaumbele cha juu kwenye prosesa) na `memlock unlimited` (kushikilia kumbukumbu bila kikomo) katika faili iliyo ndani ya `/etc/security/limits.d/`. Ubuntu Studio kwa kawaida hulipanga jambo hili yenyewe, lakini ni vyema kulithibitisha. Kisha itoe prosesa katika hali ya kuokoa umeme, kwa maana prosesa inayosinzia na kuamka ndiyo chanzo cha mikatiko mingi ninayoiona kwenye kompyuta za namna hiyo. Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Fungua dirisha la amri, andika `pw-top`, uache likiwa wazi: safu ya ERR itakuonyesha ni kifaa gani au programu gani inayoshindwa, na utaacha kubahatisha. Kuhusu kerneli, yaani kiini cha mfumo, wala usijisumbue kwanza. Ni kweli kwamba PREEMPT_RT, marekebisho ya kuifanya kerneli iitikie kazi za haraka kwa wakati, kazi iliyochukua takriban miaka 20, ilikamilika kuingizwa katika kerneli kuu kwa toleo la 6.12 mwaka 2024, lakini kwa maikrofoni mbili hutaihitaji.

Jambo ambalo ningelitanguliza kuliko yote ni kitufe kilichoko kwenye kadi yako, ambacho humrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kuipitisha kwenye kompyuta. Ukikitumia, ucheleweshaji hauna nafasi tena na bafa yako inaweza kubaki 512 kwa usalama. Najua waimbaji wa taarabu hupenda mwangwi kidogo masikioni, na sauti ya moja kwa moja huwa kavu. Basi tengeneza njia ya pembeni ndani ya Ardour, weka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya mwangwi kama Dragonfly Reverb, na umpelekee ule mwangwi peke yake bila sauti kavu. Mwangwi unaochelewa milisekunde 20 haumkeri mtu, kwani hata ukumbini ukuta huchelewa kuujibu mdomo.

Bint_Makadara

Nakubaliana na kaka hapo juu. Mimi niko Mombasa na nimepitia njia hiyo hiyo, ila kilichonisumbua zaidi ni plagini. Za miundo ya LV2 na VST3 zilizotengenezewa Linux zinafanya kazi bila shida, na zile za Windows nyingi huendeshwa kwa yabridge pamoja na Wine, programu zinazowezesha za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Zinazodai uthibitisho wa leseni kwa iLok usizitegemee kabisa. Heri uzitafutie mbadala mapema kuliko kugundua usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Nina ombi moja kuhusu plagini za kunyoosha sauti, yaani kurekebisha noti zilizopotoka, kama ile iliyomo katika mfululizo wa x42. Ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, huivuta kila noti kwenye nusu-toni 12, kwa hiyo wimbo unaofuata maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) yenye robo-toni, kama Bayati, utaharibika pale hasa penye utamu wake. Tafadhali usiiweke kwenye sauti ya taarabu kwa mazoea tu.

Studio_Chumbageni

Nawashukuru sana, kaka na dada. Nilifungua `pw-top` kama nilivyoelekezwa, na tarakimu za ERR zilikuwa zikipanda kwenye kadi ya sauti kila diski ya nje ilipowaka taa. Kumbe nilikuwa nimechomeka kadi na diski ninayorekodia kwenye kigawanyio kimoja cha USB. Nimeichomeka kadi kwenye tundu lake ubavuni mwa kompyuta, nikaiondoa prosesa katika hali ya kuokoa umeme, na kwa sampuli 128 nimerekodi dakika 40 za mazoezi bila mkatiko hata mmoja. Umeme ulipokatika katikati, prosesa ilirudi yenyewe katika hali ya kuokoa na mikatiko mitatu ikatokea, kwa hiyo hilo nalo nimelizuia katika mipangilio. Mwangwi wa pembeni nimeuweka, na leo mwimbaji hakuzivua hedfoni hadi mwisho wa ubeti wa tano.

Nina swali moja lililobaki. Mteja anataka kazi ikachanganywe katika studio ya Dar es Salaam inayotumia Pro Tools, ambayo haina toleo la Linux. Nimpelekee nini?

Fundi_Mkongwe

Usipeleke faili ya mradi. Katika Ardour chagua kutoa kila traki peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama fidla inaingia dakika ya tatu, kwa WAV ya biti 24 na 48000 Hz. Zima plagini zote isipokuwa zile ambazo ni sehemu ya ala yenyewe, zipe traki majina yanayosomeka, na uambatanishe mchanganyiko wako wa awali ili fundi wa huko ajue wimbo ulikusudiwa usikikeje. Atakapoziingiza zitakaa mahali pake zenyewe.

Studio_Chumbageni

Nimeelewa. Natoa traki 14 usiku huu, na kesho asubuhi diski inapanda basi.