Mke wangu anaomba radhi kwa kila kitu, nimfanyeje?

FundiBaiskeli12:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi fundi baiskeli, Ngamiani, hapa Tanga. Huu mwezi wa nane tangu nimuoe mwanamke aliyeachika. Alikotoka alipigwa miaka sita. Aliniambia yote kabla ya posa, nikajua nikimpenda atasahau.

Hajasahau. Juzi sahani ilimponyoka ikavunjika. Nilikuwa barazani naziba pancha. Naingia, namkuta kajibanza pembeni ya jiko, mkono kakinga uso: "Nisamehe, nitalipa." Sahani ya shilingi 2,000! Nililia, wallahi. Akitoka soko la Mgandini hunihesabia chenji mpaka shilingi 50, wala sijamuuliza. Usiku mlango wa jirani ukigongwa, anakaa kitako hadi adhana ya alfajiri.

Sijampandishia sauti hata siku moja. Mbona mapenzi yangu hayamfikii?

BintiMakorora:
Kaka, yanamfikia. Nilikuwa kama yeye. Akili imeshajua wewe si yule, mwili ndio bado. Mwili ulizoea kwamba baada ya kishindo huja kipigo, basi unajikinga kabla mwenyewe hajawaza.

Mume wangu wa sasa alikuwa akifika kona anapiga kengele ya baiskeli, nijue ni yeye. Kila siku, hata mvua ikinyesha. Hakunijia kwa nyuma, hakunigusa nikiwa usingizini. Ilichukua kama miaka miwili ndipo nikaweza kulala nikiupa mlango mgongo. Usimwambie "sahau". Akikuhesabia chenji, pokea, mwambie ahsante, basi.

MamaShangazi:
Mpe mtoto mwanangu, atatulia.

NesiMstaafu:
Shangazi, samahani, hapo sikubaliani nawe. Mtoto si dawa ya mama yake, na usingizi wenyewe hana.

Mwanangu, kushtuka na kukesha hivyo ni kiwewe, na kinatibika kwa mazungumzo na mtaalamu. Nendeni hospitali ya Bombo, muulizie watu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Lakini muulize kwanza kama anataka, na kama anataka uingie naye au ubaki nje. Mtu aliyeamuliwa kila kitu miaka sita, hata tiba asiamuliwe. Akikataa leo, usimkasirikie, muulize tena siku nyingine. Dua endeleeni nazo, hazigombani na hospitali.

FundiBaiskeli12:
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Nesi, nimemuuliza. Amesema atafikiri. Zamani angesema "upendavyo wewe".

Dada wa Makorora, jana nimeanza kupiga kengele tangu dukani kwa Mpemba. Jana alikuja mlangoni mbio, kashika kanga kifuani. Leo nimepiga tena. Nimemkuta kwenye mbuzi anakuna nazi. Kanyanyua kichwa, kaniangalia, kaendelea kukuna.