Maduka ya mtandaoni kugawa habari zetu: ni wizi au ni biashara tu?

Nyambu wa Donholm
Wadau, naomba tujibizane kwa adabu. Juzi usiku nilitazama nepi za watu wazima kwenye duka moja la mtandaoni, za mama mkwe aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Sikununua, nilikuwa nalinganisha bei tu. Kesho yake ofisini nimeunganisha kompyuta na projekta, nafungua tovuti ya gazeti tuangalie habari ya bajeti, na hapo pembeni mwa ukuta, kubwa kama mlango: nepi zilezile, pakiti ileile, bei ileile, na maneno "Bado unazihitaji?" Idara nzima iko mezani. Mkubwa wangu akakohoa.
Sasa, swali langu si la projekta. Duka lilimwambia nani, na huyo nani aliruhusiwa na nani? Mambo haya yapigwe marufuku kabisa, au kile kitufe cha "Kubali" kinatosha?

Otis Makadara
Na mbona unatafuta nepi kwa kompyuta ya kazi?

Nyambu wa Donholm
Nilitazama kwa simu yangu, kitandani. Ofisini nimeingia na akaunti ileile ya Google. Ndiyo maana nikauliza.

Otis Makadara
Basi ungetoka kwa akaunti kabla ya mkutano. Tusilaumu watu wa mbali kwa uzembe wa nyumbani, mama.

Kiatu Safi
Nimesoma hicho kichwa, "wizi", na chai imenishinda kumeza. Mimi nauza viatu vya mitumba. Naamka saa kumi alfajiri niwahi Gikomba bale ikikatwa, nipate kamera, yaani vile vikali vya daraja la kwanza, kabla wengine hawajavishika. Navisafisha, navipiga picha, naviweka kwa tovuti ndogo niliyotengenezewa na kijana wa Kahawa West. Tangazo nalipia kwa pesa yangu mwenyewe. Bila ile alama ya Facebook ya kutambua wageni wa tovuti, kiatu cha mwanaume nambari 44 kinaonyeshwa msichana wa shule huko Kisii na mimi nimekatwa pesa vilevile. Nikiwa nayo, anayeonyeshwa ni yule aliyekuja, akakitazama, akaenda. Muuza koti wa Toi akikuona umerudi kushika koti lilelile, si atakukumbuka? Naye ni mwizi?

Bi Swafiya
Muuza koti wa Toi akinikumbuka, ni yeye na macho yake. Hamfuati mume wangu msikitini kumwambia "mkeo alishika koti langu akaliacha".

Kiatu Safi
Msikiti umeingiaje hapa dada?

Bi Swafiya
Umeingia kama nepi zilivyoingia kwenye bajeti.

Fundi Brauza
Hapo Bi Swafiya ameua.
Lakini tuwekane sawa, maana watu wanaongea kuhusu kuki kama vile ni virusi. Kuki ni kifaili kidogo ambacho tovuti inaacha kwa brauza yako ili ikutambue ukirudi. Ilibuniwa 1994 na Lou Montulli, jamaa wa Netscape, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa hiihii ya maduka: tovuti ikumbuke umeweka nini kikapuni. Kuki ya duka lenyewe haina neno. Shida ni ya mtu wa tatu. Ukifungua ukurasa wa nepi, ukurasa haukuji peke yake. Unakuja na kipicha cha nukta moja usichokiona, au kipande cha programu, kutoka seva ya Meta, wenye Facebook, au ya Google. Simu yako inaenda kukichukua, na katika kukichukua inajitambulisha: mimi ni fulani, niko ukurasa huu, saa hii. Nukta hiyohiyo iko kwa tovuti ya gazeti, iko kwa ya kamari, na pengine kwa ya kliniki. Kwa hivyo Nyambu, duka halikupigia gazeti simu. Wote wawili wamemfungulia mlango mtu mmoja, naye ndiye anayejua ulikotoka na unakoenda.

Otis Makadara
Si Google walishaziondoa hizo kuki za watu wa tatu? Nilisoma mahali, 2022 ama hapo.

Fundi Brauza
Hawajaziondoa. Januari 2020 walisema wataziondoa kwenye Chrome ndani ya miaka miwili, wakaahirisha, wakaahirisha tena, na Julai 2024 wakaghairi. Waliozifungia ni Safari na Firefox. Na hata ukizifungia kuna njia ya jikoni: umeandika nambari ya simu ili ulipe, duka linaigeuza kuwa msimbo na kuituma kutoka seva yake moja kwa moja hadi seva ya Meta. Brauza yako haioni kitu. Kiatu Safi, hebu muulize yule kijana wako wa Kahawa West kama aliwasha hiyo.

Kiatu Safi
Mimi sijui aliwasha nini. Nilimwambia anifanyie tovuti iuze.

Dogo wa Roysambu
Mimi sina cha kuficha. Waone tu. Kwanza wakiona wataniletea ofa nzuri.

Bi Swafiya
Mwanangu, tuwekee hapa taarifa yako ya M-Pesa ya Desemba.

Dogo wa Roysambu
Desemba hapana.

Mzee Kobe
Mnanichekesha. 2023 watu wa mji huu walipanga foleni KICC wakamulikwa mboni za macho na lile tufe la chuma la Worldcoin, wale wa sarafu za kidijitali, wakarudi nyumbani na sarafu za kama shilingi elfu saba. Leo mnaogopa tangazo la nepi. Na kila siku ya Mungu mnaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwenye kitabu cha soja getini, kitabu kimelowa mafuta ya chapati, kiko wazi kwa kila anayepita. Facebook angalau ni watu wamesoma. Soja anauza nambari yako kwa mia mbili.

Kayole Wangu
Rudia hapo mwisho, mzee.

Mzee Kobe
Nimesema soja anauza nambari.

Kayole Wangu
Baba yangu ni soja. Usiku, Industrial Area, na koti la mvua lililotoboka, ndiyo mimi nikasoma. Nitajie soja mmoja unayemjua aliyeuza nambari kwa mia mbili, au ufute hayo maneno. "Wamesoma"! Waliosoma ndio waliokuja na lile tufe la kumulika macho.

Mzee Kobe
Sijamtaja baba yako.

Kayole Wangu
Umesema soja. Baba yangu ni nini, ni ng'ombe?

Fundi Brauza
Jamani, tulikuwa kwa nukta.

Bi Swafiya
Nukta ingojee. Mimi kitabu kimenitesa. Niliingia jengo moja hapo Tao kwenda kwa daktari wa meno. Jioni ujumbe unaingia: "Mrembo, buibui ya maruni ilikutoa sana." Nambari yangu nilimpa nani siku ile? Nilikiandikia kitabu. Nikambloku, akaja na laini nyingine. Mume wangu akanitazama kwa jicho ambalo Google hawajawahi kulisababisha nyumbani kwangu.

Otis Makadara
Huyo anaweza kuwa mtu aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni, si soja.

Bi Swafiya
Ndilo ninalosema! Sijamlaumu soja, nimelaumu kitabu.

Kayole Wangu
Asante dada. Baba yangu hata hakutaka hicho kitabu. Meneja wa jengo ndiye anakitaka, na ukurasa ukiwa na mapengo mshahara ndio unaguswa.

Mama Terry
Mimi huandika nambari yangu ya zamani ya Yu. Mtandao wenyewe ulishauzwa 2014. Jina naandika Wanjiku Otieno Abdalla. Hakuna soja amewahi kuniuliza.

Mzee Kobe
Kwa hivyo hawasomi. Ndiyo hoja yangu.

Kayole Wangu
Hoja yako ilikuwa wanauza. Chagua moja.

Wakili wa Mtaa
Kabla hamjatoana meno. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakihusu kitabu cha chapati kama inavyoihusu seva ya California. Kifungu cha 37 cha hiyo sheria kinasema huwezi kuitumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa kama umeruhusiwa na sheria iliyoandikwa na mwenyewe amearifiwa. Ya wazi, siyo ya kudhania. Kile kitufe cha "Kubali" kikubwa cha kijani, na "Kataa" imezikwa kurasa tatu ndani, mimi ningefurahi kukipeleka mbele ya Kamishna wa Data. Tena ofisi yake malalamiko inatakiwa iyamalize ndani ya siku 90. Na mzee, kwa kuwa umeitaja Worldcoin: serikali iliisimamisha Agosti hiyohiyo ya 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe.

Otis Makadara
Na ile klabu iliyopigwa faini milioni nne kwa kuweka picha ya mlevi?

Wakili wa Mtaa
Milioni 4.55 ilikuwa shule, kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Klabu ilipigwa milioni 1.85. Zote Septemba 2023. Na aliyepigwa picha alikuwa mteja. Ulevi umeuongeza wewe.

Kiatu Safi
Mmeona sasa? Shule na klabu. Anayefuata ni muuza viatu. Meta atapigwa lini?

Wakili wa Mtaa
Faini ya juu kabisa chini ya sheria yetu ni milioni tano, au kwa kampuni, asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliopita. Inachukuliwa iliyo ndogo.

Fundi Brauza
Iliyo NDOGO?

Wakili wa Mtaa
Ndogo.

Mzee Kobe
Milioni tano kwa Meta ni pesa ya maandazi.

Wakili wa Mtaa
Ndiyo. Lakini Kiatu Safi asilie sana, kipengele hichohicho ndicho kinamkinga. Asilimia moja ya viatu vyake haimfungi duka.

Kiatu Safi
Wakili, usinihesabie viatu. Na bado sijajibiwa. Nikiitoa hiyo alama, wateja nitawapataje? Nisimame Archives na kipaza sauti? Duka kubwa lina pesa ya kuweka mabango Thika Road, na hata likiitoa, lina majina ya watu wote walionunua tangu lianze. Mimi nina mgeni aliyekuja mara moja akaondoka. Mkipiga marufuku mnavyotaka, mnaobaki nao ni haohao wakubwa.

Nyambu wa Donholm
Kiatu Safi, mimi sina shida na wewe kujua nilitazama kiatu. Shida yangu ni kwamba wewe mwenyewe hujui tovuti yako inapeleka nini. Umekiri hapo juu. Kama muuzaji hajui na mnunuzi hajui, tumekubaliana nini na nani tulipobonyeza?

Kiatu Safi
Mama, kiatu si nepi. Hakuna mtu ataaibika kwa kiatu.

Mama Terry
Inategemea kiatu ni cha nani na kimepelekwa nyumba gani.

Dogo wa Roysambu
😂😂 Mama Terry uko na stori, tupe.

Mama Terry
Sipeani. Nina cha kuficha, mimi si wewe.

Otis Makadara
Na mtu wa boda je? Yule ana jina, nambari, rangi ya geti na saa unazokuwa nyumbani. Yote kwa simu ya mfukoni isiyofungwa. Mbona hakuna anayemsema?

Kayole Wangu
Haya, tumetoka kwa masoja tunaenda kwa watu wa boda. Yaani katika mjadala wa kampuni za Marekani, washukiwa ni wanaume wawili wa mshahara mdogo. Na Mzee Kobe bado hajafuta.

Mzee Kobe
Nitarekebisha: masoja wengine.

Kayole Wangu
Wangapi?

Mzee Kobe
Wengine.

Chebet Rongai
Samahani kuwakata. Nimesoma kimyakimya tangu jana, na kwa sababu yenu nikaandikia duka ninalonunua barua pepe kuwaomba wafute kila kitu walicho nacho kunihusu. Wakili, si sheria inaruhusu?

Wakili wa Mtaa
Inaruhusu. Hongera. Wamesemaje?

Chebet Rongai
Wamejibu leo asubuhi, haraka sana, nikafurahi. Wanasema ili wathibitishe kwamba ni mimi kweli, niwatumie nakala ya kitambulisho pande zote mbili, na picha yangu nikiwa nimekishika karibu na uso, mwanga uwe wa kutosha.

Fundi Brauza
😭😭😭

Wakili wa Mtaa
Ngoja. Walikuwa na kitambulisho chako kabla ya leo?

Chebet Rongai
Hapana. Walikuwa na barua pepe, nambari ya simu na mahali pa kuleta sufuria.

Wakili wa Mtaa
Usitume. Kukuthibitisha wana haki, lakini huwezi kuthibitisha mtu kwa kitu ambacho hukuwa nacho cha kulinganisha. Wajibu kutoka anwani ileile uliyonunulia, uwaambie wakupigie kwa nambari ileile. Hiyo inatosha. Wakikataa, nitumie ujumbe, tupeleke malalamiko.

Kiatu Safi
Na sufuria zilikuwa nzuri? Ndugu yangu anaziuza Kamukunji, bei ya jumla, na hana hata tovuti. Unaingia na jina lolote.

Dogo wa Roysambu
Chebet mimi ningetuma tu. Kwani watafanyia nini kitambulisho?

Bi Swafiya
Watachukulia mkopo, halafu upigiwe simu wewe na shangazi zako wote.

Mzee Kobe
Chebet, usisumbuke. Nenda kwa geti la jengo lao, soja atakuwa na nakala.

Kayole Wangu
Mzee Kobe. Umeanza tena.