Naomba ushauri: Giacchino wa Lost au Giacchino wa sinema?

Wakuu, habari za muda huu. Mimi na shemeji tunabishana wiki ya pili sasa kuhusu Michael Giacchino, mtunzi wa muziki wa sinema na tamthilia. Mimi nasema hajawahi kuipita kazi yake ya tamthilia ya Lost, ile ya manusura wa ajali ya ndege, iliyoanza 2004. Zile trombone zinavyonguruma tu kabla ya matangazo! Na midundo: jamaa alichukua vipande vya mabaki ya ndege akavigonga kama ngoma. Halafu kile kipande cha "Life and Death", piano kidogo na nyuzi, mtu anazikwa nawe koo linakukaba.

Shemeji hataki kusikia. Kwake ni filamu ya katuni ya Up ya 2009, iliyompa Oscar. Ile walzi (muziki wa dansi wa mapigo matatu) ya wanandoa wanaozeeka bila kusema neno, mwisho inabaki piano peke yake. Hapo nakiri ananibana. Ila The Batman ya 2022, noti nne zilezile karibu saa tatu, zilinichosha.

Jumamosi nataka nimsikilizishe vipande vitano vya Lost kwenye spika, bila picha. Nianze na vipi? Na kumnyima picha ni haki, au namwonea Giacchino mwenyewe?